Ugonjwa Mmoja, Hesabu Tano: Matibabu ya Bunyakiri Yanapovuka Mpaka

Tumchukue mama mmoja wa Bulambika, senta kubwa ya Bunyakiri huko Kivu Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwenye uvimbe unaomsumbua. Si mtu halisi. Ni mfano wa kukokotolea, na bei nitakazompa nimezipanga mwenyewe ili hesabu ifuatike. Mama huyu amesafiri na binti yake hadi Bukavu, amepimwa, ameshauriwa aende Kigali, amevuka mpaka, ametibiwa, amerudi nyumbani. Familia imeuza ng'ombe na kukopa kwa shemeji. Ikijumlisha yote, imetoa dola 600.

Sasa uliza: safari hii ilikuwa biashara ya kimataifa ya kiasi gani? Hospitali ya Kigali itajibu 250. Mtaalamu wa hesabu za afya atasema 310. Mchumi wa benki kuu anayeandaa urari wa malipo ya nje atasema 460. Familia itakuambia 600. Na takwimu za Kongo, kama pale mpakani hakuna aliyemuuliza mama huyo anakwenda kufanya nini, zitasema sifuri. Majibu matano, na hakuna aliyedanganya.

Tuzihesabu dola zenyewe. Nauli ya watu wawili, pikipiki na gari, kutoka Bunyakiri hadi Bukavu na kurudi ni 60. Vipimo vya Bukavu na barua ya rufaa, 80. Kutoka mpaka wa Rusizi hadi Kigali na kurudi, watu wawili, 50. Bili ya hospitali, 250. Dawa walizonunua famasi huko huko Kigali, 60. Chakula na malazi kwa siku zote walizokaa, 100.

Mwongozo wa urari wa malipo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, toleo la sita la mwaka 2009, unakusanya kila kitu ambacho msafiri amekinunua ndani ya nchi ya watu. Basi, kitanda cha nyumba ya wageni, sahani ya wali, sindano, vyote vinaingia kapu la safari. Ndipo inapotoka 460. Mfumo wa Hesabu za Afya wa mwaka 2011, uliotungwa na OECD, Eurostat na Shirika la Afya Duniani, hautaki habari za wali. Unachukua tiba na dawa tu, 310. Zile 140 zilizobaki zilitumika upande wa Kongo, kwa hiyo si biashara ya nje kwa kipimo chochote kati ya hivi viwili.

Bado kuna binti. Yeye si mgonjwa. Amekwenda kumlea mama yake, kumfulia, kumpikia na kumkimbilia dawa. Ukiamua kumtenga pamoja na nusu ya nauli ya Rwanda na nusu ya chakula na malazi, dola 75 zinatoka kwenye safari za matibabu na kuhamia safari nyinginezo, na 460 inashuka hadi 385. Mtu yeyote aliyewahi kulaza ndugu katika hospitali za kwetu anajua kwamba mgonjwa asiye na mlezi hawezi kulazwa vizuri. Kumwita mlezi mtalii ni uamuzi wa mezani, wa mtu ambaye hajawahi kulala sakafuni chini ya kitanda cha wodi.

Ili kupata ukubwa wa dola 600, zilinganishe na fedha za afya za Kongo nzima. Ukichanganya za serikali, za wafadhili na zinazotoka mifukoni mwa watu, matumizi yote ni dola 20 na kitu tu kwa mtu kwa mwaka. Safari moja ya mama wa Bulambika imekula mgao wa mwaka wa watu zaidi ya 25. Na hapo hatujagusa tiba ya mionzi, ambayo kwa mtu wa Kivu Kusini ina maana ya kwenda mbali: Rwanda ilianza kuitoa mwaka 2019 katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, Kigali, wakati Bukavu haina mashine hiyo.

Bunyakiri ni mojawapo ya zoni za afya 34 za Kivu Kusini, na mojawapo ya nne zilizomo katika teritwari ya Kalehe, pamoja na Kalehe yenyewe, Kalonge na Minova. Ina hospitali kuu ya rufaa na vituo vya afya vilivyotawanyika milimani. Kutoka hapo hadi Bukavu ni kilomita zipatazo 80. Kwenye ramani ni mwendo wa asubuhi moja. Lakini barabara hiyo ya taifa namba 3 inapita katikati ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, kabla ya kutokea Miti na kushuka mjini, na masika yakipamba moto lori likikwama linazuia kila kilicho nyuma yake, mgonjwa akiwemo. Halafu kuna vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, vya jeshi, vya vikundi vyenye silaha na vya maofisa wa kila aina, kila kimoja na bei yake.

Gharama hizi za barabarani hazimo katika kitabu chochote cha biashara ya kimataifa, ingawa ndizo zinazoamua kama biashara itakuwepo. Asiyeweza kutoa zile 140 za mwanzo hafiki mpakani. Hahesabiwi kama mgonjwa aliyekosa huduma, wala hahesabiwi kama mnunuzi. Takwimu za matibabu ya nje, hata zikikusanywa kwa ustadi, zinahesabu waliofika. Kwa mahali kama Bunyakiri hilo ni pengo kubwa kuliko makosa yote ya karani.

Wenye kanuni za biashara wana namna yao ya kuligawa jambo hili. Mkataba wa jumla wa biashara ya huduma wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kazi Januari 1995, unataja njia nne ambazo huduma inavuka mpaka. Huduma inaweza kusafiri peke yake, kama sampuli ya damu inayopelekwa maabara ya nchi nyingine. Mteja anaweza kuifuata, kama mama wetu. Kampuni inaweza kwenda kufungua hospitali ugenini. Au mtaalamu mwenyewe anakwenda kwa muda. Shirika hilo lilikadiria biashara ya huduma za kila aina mwaka 2017 kuwa dola trilioni 13.3. Kati ya hizo, asilimia 58.9 zilipita katika njia ya kampuni kufungua tawi, 27.7 katika huduma inayovuka yenyewe, 10.4 katika mteja kusafiri, na 2.9 katika mtaalamu kusafiri.

Kwa mtu wa Bunyakiri mpangilio huo unageuka juu chini. Hospitali ya mwekezaji wa kigeni haijafika huko na haitafika kesho, kwa hiyo ile njia kubwa kuliko zote duniani tuipite. Njia ya kwanza ipo, ila haina risiti: picha ya eksirei inapigwa kwa simu, inatumwa WhatsApp kwa ndugu daktari aliyeko Brussels, naye anajibu usiku huo huo bila kudai hata senti. Kinachobaki ni miguu ya mgonjwa na miguu ya daktari, zile njia mbili ambazo duniani zinabeba kidogo kuliko zote.

Kwa upande wa daktari, Bukavu ina mfano unaojulikana. Hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Denis Mukwege mwaka 1999, imewatibu makumi ya maelfu ya wanawake walionusurika ubakaji, wengi wao kutoka vijiji vya aina ya Bunyakiri. Mukwege mwenyewe alisomea udaktari Bujumbura, akabobea katika magonjwa ya wanawake Angers, Ufaransa, na mwaka 2018 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Kwa miaka mingi Guy-Bernard Cadière, daktari wa upasuaji wa Brussels, amekuwa akienda Panzi na timu yake kufanya upasuaji wa matundu madogo kwa kamera pamoja na madaktari wa hapo. Kwa lugha ya mkataba huo, hii ni njia ya nne kamili. Lakini misheni ya kibinadamu haitoi ankara kwa mgonjwa, na kisichokuwa na ankara ni nadra kuonekana kwenye takwimu. Upasuaji ambao Ulaya ungegharimu maelfu ya yuro unaandikwa bure, au hauandikwi.

Misaada kwa jumla inapewa jina jingine. Shirika la kimataifa likifanya kazi Kivu Kusini kwa mwaka mmoja au zaidi, mwongozo wa urari wa malipo unalihesabu tawi lake kuwa mkazi wa Kongo anayeendeshwa kwa fedha za uhamisho kutoka nje. Dripu inayowekwa na muuguzi wa shirika hilo si huduma iliyoagizwa kutoka Ulaya. Ni huduma ya ndani iliyolipiwa kwa zawadi. Kihasibu ni sawa. Tatizo linajitokeza zawadi inapokatika, kama ilivyotokea mapema mwaka 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake. Mgonjwa aliyekuwa akitibiwa bure kijijini anaanza kutafuta nauli ya Bukavu, na labda ya Rusizi. Uhamisho unapungua katika safu moja, ununuzi wa huduma za nje unapanda katika safu nyingine, na mchumi asiyeijua Bunyakiri anaweza kuandika kwamba Wakongo wameanza kupenda hospitali za Rwanda.

Kuna kanuni moja ya ukazi ambayo naiona ina busara. Mgonjwa anayekwenda nje kutibiwa anabaki mkazi wa kwao hata tiba ikipita mwaka. Mtu wa Bunyakiri akikaa miezi 14 akitibiwa saratani huko Butaro, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012, kila anacholipa ni ununuzi wa Kongo kutoka nje. Muuguzi wa Bukavu aliyeajiriwa hapo hapo Butaro kwa miezi hiyo hiyo 14 amekuwa mkazi wa Rwanda, na kazi yake si biashara ya nje tena. Mkimbizi aliyekwisha kaa mwaka naye anahesabiwa mkazi wa huko alikokimbilia. Watu watatu wa mkoa mmoja katika wodi moja, na mmoja tu kati yao ndiye anayeingia katika biashara ya matibabu.

Kama haya yanaonekana kuwa matatizo ya nchi maskini zisizo na makarani, angalia kilichotokea kwa wenye nazo. Mwaka 2008 kampuni ya ushauri ya Deloitte ilikadiria kwamba Wamarekani 750,000 walikuwa wametibiwa nje ya nchi yao mwaka 2007. Mwaka huo huo wa 2008 McKinsey ikatoa makadirio yake ya wagonjwa wanaosafiri kufuata tiba duniani kote: kati ya 60,000 na 85,000 kwa mwaka. Nchi moja ikaizidi dunia nzima kwa karibu mara tisa, au hata zaidi ya mara 12. Tofauti ilitoka katika nani anahesabiwa. McKinsey iliwatoa watu wanaoishi ugenini wanaotibiwa huko huko, iliwatoa waliougua ghafla wakiwa safarini, na, jambo linalotuhusu sisi, iliwatoa wanaovuka mpaka wa jirani kufuata hospitali iliyo karibu zaidi. Yaani mama wa Bulambika alifutwa kabla ya kuhesabiwa.

Ufafanuzi wa namna hiyo ulimfaa mwekezaji anayetaka kujua kama ajenge hospitali ya kifahari Bangkok au Delhi. Kwa ukanda wa Maziwa Makuu haufai hata kidogo, maana kuvuka kwenda kwa jirani ndiyo biashara yenyewe. Kati ya Bukavu na Rwanda kuna mto tu, na watu wanauvuka kwa miguu kila siku katika vivuko vya Rusizi ya kwanza na ya pili.

Bidhaa za wavukaji hao zinahesabiwa. Rwanda, kupitia benki yake kuu na ofisi yake ya takwimu, na Uganda kwa namna yake, kwa miaka mingi zimekuwa na uchunguzi wa biashara ndogo ndogo za mipakani: makarani wanakaa kwenye vivuko, wanaandika vikapu vya nyanya, magunia ya unga, kuku, kreti za bia. Ni kazi ya kupongezwa, na ilibadilisha namna serikali zinavyowatazama akina mama wa sokoni. Ila uchunguzi huo ni wa bidhaa. Mwanamke aliyebeba kikapu anaingia kwenye takwimu, na jirani yake anayepita na dola 250 za hospitali zimefungwa kwenye kitenge haingii.

Sheria za jumuiya nazo zinasaidia kidogo. Kongo ilikuja kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022. Itifaki ya soko la pamoja la jumuiya hiyo, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilifungua sekta saba za huduma kwa kuanzia: biashara na taaluma, mawasiliano, usambazaji, elimu, fedha, utalii na usafiri, na uchukuzi. Afya haimo katika hizo saba. Mgonjwa anapovuka kisheria anaangukia upande wa msafiri, na takwimu zinamfuata huko huko.

Halafu ukaja mwaka 2025. Katikati ya Februari waasi wa M23 waliingia Bukavu. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukasimama. Zingatia hili linavyofanya katika vitabu. Mgonjwa aliyekuwa akiruka kutoka Kavumu kwenda kutibiwa Kinshasa alikuwa matumizi ya ndani. Ndege ikikosekana, njia iliyo wazi kwake ni Rusizi, na ugonjwa ule ule unageuka kuwa biashara ya nje bila kuongezeka hata kidogo. Wakati huo huo fedha zinapita mikononi, noti kwa noti, mahali ambapo benki kuu ya Kinshasa haina dirisha la kuchungulia. Biashara inakua pale pale kipimo kinapokufa.

Tanzania inaonyesha upande mwingine. Kwa miaka mingi serikali yake ilikuwa ikiwalipia wagonjwa wa rufaa kwenda India, hasa wa moyo na figo. Kwa kuwa bili zilikuja Hazina, zilijulikana, na kwa kuwa zilijulikana zilileta kelele. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ikaanza kazi Dar es Salaam mwaka 2015, na Novemba 2017 Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza. Leo wagonjwa wa Komoro wanakuja Dar es Salaam, na Tanzania imekuwa muuzaji pale ilipokuwa mnunuzi. Kenya nayo ilipoleta madaktari 100 kutoka Kuba mwaka 2018, mabishano ya mishahara yao yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na mkataba wa serikali. Gharama inayolipwa na serikali ina karatasi. Ya Bunyakiri inalipwa na ng'ombe, na ng'ombe haandiki barua kwa waziri.

Hapo ndipo naona umuhimu wa tarakimu hizi, na wala si kwa ajili ya kujazia meza za Geneva. Rudi kwa mama wetu. Wagonjwa 1,000 kama yeye kwa mwaka, kwa kipimo cha urari wa malipo, ni dola 460,000 zilizotoka Kivu Kusini. Kwa kipimo cha hesabu za afya ni 310,000. Mwenye kupanga mashine na wataalamu wa Bukavu aitumie ile ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo fedha ya tiba inayoweza kurudi nyumbani. Wenye basi na nyumba za wageni wa Rwanda wataitaka ya kwanza. Familia itabaki na 600,000 zake, na anayepanga kuanzisha mutueli ya afya, yaani mfuko wa kuchangiana matibabu, Bunyakiri asithubutu kutumia tarakimu nyingine, la sivyo mfuko wake utalipa bili ya hospitali na kumwacha mgonjwa akikosa nauli ya kurudi.

Kupima kunawezekana, na njia rahisi inaanzia kwa muuzaji. Hospitali za Rwanda zinaandika anwani ya mgonjwa zinapofungua faili. Zikijumlisha mara moja kwa mwaka wagonjwa wenye anwani ya Kongo na walicholipa, ile 250 itapatikana bila kumsimamisha mtu yeyote mpakani. Kongo inaweza kuitumia tarakimu ya jirani kama kioo, kama nchi zinavyofanya kwa bidhaa. Nyongeza ya dawa, chakula na nauli itafutwe kwa kuwahoji wagonjwa wachache, kwa sampuli. Mapendekezo ya Umoja wa Mataifa ya takwimu za utalii ya mwaka 2008 tayari yameweka matibabu kuwa sababu ya safari inayojitegemea. Fomu ikiuliza, ijazwe.

Kusubiri maofisa wa pande mbili za mpaka wakubaliane kuhusu fomu ni kusubiri sana. Ofisi ya zoni ya afya ya Bunyakiri ina uwezo wa kuanza peke yake, maana hospitali ya rufaa haimpeleki mgonjwa mbele bila kumwandikia karatasi. Iongeze safu tatu kwenye rejesta ya rufaa: mgonjwa alitibiwa wapi hatimaye, alilipa kiasi gani huko, na kama hakwenda, alishindwa na nini. Ianze na watakaopewa barua mwezi ujao.